Shoga, tatizo sio simu, ni hizo kuta za Aberdeen

Leeds, Jumapili usiku

Mwanaidi shoga angu,

Ile voisi yako ya dakika saba nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili huruma ikanishika, maana hilo la kupoteza shifti tatu kwa wiki moja eti hupatikani, na wewe simu unayo mkononi unaangalia status za watu, lilinikuta mimi mwaka juzi vilevile kama unavyolisimulia. Nimeona nikuandikie kabisa badala ya kukurushia voisi kwa sababu voisi huwezi kuisikiliza huku unapekua setingi za simu hiyohiyo. Chemsha chai ukae. Dawa yenyewe ni kupiga na kupokea simu kupitia waifai, na hii waifai naiandika hivi kwa makusudi, nikiandika wifi utadhani namsema dada yake Hamadi.

Kwanza usichukue simu mpya ya mkopo wa miezi 24, utajifunga bure. Aberdeen, huko Uskochi, nyumba zake nyingi za zamani ni za granaiti, sehemu kubwa ya mji imejengwa kwa hilo jiwe gumu, na chumba chako umesema kiko nusu chini ya ardhi, dirisha liko usawa wa miguu ya wapita njia. Mawimbi ya simu yakifika kwenye ukuta wa unene ule yameshachoka. Unakumbuka nyumba ya bibi kule Pangani, zile kuta za mawe ya matumbawe, mtu akipigiwa akiwa ndani anakimbilia barazani simu kainyanyua juu kama kabeba kandili? Ndo hiyohiyo, ila kule barazani kuna upepo wa bahari, hapo kwako ukitoka nje unakutana na digrii mbili.

Kinachokudanganya ni WhatsApp. Mama anakupata kutoka Ngamiani kule Tanga, mimi nakupata, bas unajiona uko hewani, kumbe uko hewani kwa intaneti tu, namba yako yenyewe ya hapa Uingereza, ile ya 07 uliyowapa ejensi ya kazi na benki na kwa daktari inakufa ukishafunga mlango wa chumba. Na yule mpanga shifti hana muda wa WhatsApp, anapiga namba, ikienda voismeili anampigia wa chini yako kwenye orodha, kazi imeondoka.

Dawa yake ni kupiga simu kupitia waifai, na sio kitu kipya, hapa Uingereza kampuni ya simu ya EE walianza nayo 2015 na mitandao mingine mikubwa ya simu yote inayo. Sio apu, hupakui chochote. Simu yako inapitisha kama bomba lililofungwa ndani ya waifai ya nyumba mpaka kwenye mlango wa mtandao wako, pale mlangoni laini ndo inayotoa kitambulisho, ikishakubaliwa wanakuhesabu kama vile umesimama chini ya mnara wao. Mtu akipiga ile 07 inaita. SMS nazo zinapita humohumo, mimi hata zile namba za uthibitisho za benki zinanifikia nikiwa huku beismenti, chumba changu cha chini, ambako network hakuna hata ya kuazima.

Sasa ili iwake lazima wakubaliane watatu, simu yenyewe, mtandao, na faili dogo lililomo ndani ya simu linalosema laini ya mtandao fulani iruhusiwe kitu fulani. Hilo la tatu ndo linalotuumiza tuliokuja na simu za Kariakoo. Simu inaweza kuwa na uwezo wote, mtandao unatoa hiyo huduma, lakini aliyeitengeneza simu aliiwekea mafaili ya Afrika Mashariki, ya Uingereza hakuweka, basi ile swichi huioni kabisa kwenye setingi, haipo tu, na fundi gani atakuelewa. Kuna mafundi wa mtandaoni watakwambia ubonyeze namba za siri za kuondoa huo ukaguzi, kwenye Xiaomi ipo ya *#*#869434#*#*, kuna waliofanikiwa, kuna simu hazijibu kitu, na ukiiapdeti simu inaweza kurudi ilikotoka. Jaribu kwanza kuiapdeti simu, afu waandikie watu wa mtandao wako kwenye chati uwaulize swali moja tu, je laini yangu imewashiwa huduma hiyo na simu yangu iko kwenye orodha yenu. Hizi laini za bei rahisi zinazopanda mgongo wa mitandao mikubwa zina mambo yake, nyingine wanatoa nyingine mpaka uombe.

Na kabla sijasahau, waulize na VoLTE hapohapo, yani simu ya kupitia 4G, ukiikuta kwenye setingi iwashe. Vodafone na EE walishazima 3G 2024, kwa hiyo simu isiyo na VoLTE ya mtandao wako ikipigwa inashuka mpaka 2G ya mababu. Halafu ukiwa unaongea kwa waifai ukatoka nje ya geti, simu inahamia 4G bila kukatika kama VoLTE iko sawa, kama haiko sawa inakatika pale mlangoni na wewe ulikuwa unaambiwa saa ya kuripoti.

Haya, tuingie jikoni. Kwenye Samsung fungua ile apu ya kupigia, vidoti vitatu, setingi, utaikuta humo. Kwenye Pixel yangu iko Mipangilio, Mtandao na intaneti, huko chini sehemu ya simu na SMS. Simu ikiwa kwa Kiswahili imeandikwa "Kupiga simu kupitia Wi-Fi". Ila angalia usifanye nililolifanya mimi. Mimi nina laini mbili, ile ya nyumbani ya kupokelea hela za vikoba iko nafasi ya kwanza, ya hapa iko ya pili, na swichi hii kila laini ina yake. Nikawasha ya kwanza nikaona bluu nikafurahi, nikakaa wiki mbili nalaumu rauta, kile kisanduku cha waifai, nalaumu mtandao, nalaumu mpaka mwenye nyumba, kumbe nimeiwashia laini ya Bongo! Ya hapa ilikuwa imezimwa imetulia. Niliona aibu peke yangu chumbani.

Ukitaka uhakika usitazame swichi, swichi inawaka hata kama hakuna kinachofanya kazi. Tazama juu kwenye skrini, simu nyingi zinaweka kialama cha kisimu chenye mawimbi au jina la mtandao linabadilika linaandika WiFi Call. Na kama hicho hukioni, bonyeza *#*#4636#*#* kama unayempigia mtu, kwenye Samsung nyingi inagoma lakini kwenye Pixel inafunguka, ingia maelezo ya simu halafu tafuta hali ya IMS, yani mfumo wa mtandao unaopitisha hizi simu za 4G na za waifai. Pana mistari michache pale kwa Kiingereza, mmoja unasema kama simu imesajiliwa, mwingine unasema sauti kupitia WiFi ipo au haipo. Mimi siku nilipowasha laini sahihi ulikaa "Unavailable" kama dakika moja na nusu nimeukodolea macho, halafu ukageuka "Available" wenyewe, nikapiga kigelegele mpaka Mpolandi wa juu akagonga sakafu.

Kingine ni uroho wa simu. Simu ikiona hata kimstari kimoja cha network inaweza kuking'ang'ania, inaona bora mnara uliokufa nusu kuliko waifai iliyo hai. Ndo maana ukishawasha unaweza kukuta kitandani inafanya kazi, dirishani inagoma, hapo dirishani inanusa mnara. Kwenye setingi hizohizo kuna chaguo la kutanguliza waifai, chagua hilo, ila sio simu zote wala mitandao yote inakuonyesha. Kama halipo weka hali ya ndegeni halafu washa waifai peke yake, simu inakosa pa kukimbilia, inapita kwenye waifai itake isitake. Mimi naitumia hiyo usiku. Ubaya wake ni binadamu kusahau, kuna asubuhi nilitoka nayo hivyohivyo ndegeni mpaka kituo cha basi, nikafika kazini, saa nne ndo nashtuka mbona leo dunia imeninyamazia.

Sasa sikiliza hapa vizuri maana ndo nilipolilia. Kila mtu akishawasha anajaribu kwa kupiga. Unapiga, inaita, mnaongea, unasema tayari. Wewe shida yako sio kupiga, shida yako ni kupigiwa, na hivyo ni vitu viwili. Mimi nilikuwa napiga freshi kabisa halafu nikipigiwa inaenda voismeili, na ajabu ni kwamba nikiwa natumia simu inaita, nikiiweka mezani nusu saa haiiti. Nilihangaika mwezi mzima.

Kumbe ni rauta. Rauta inaacha kama kitundu wazi kwa ajili ya lile bomba, kitundu kikikaa kimya muda fulani inakiziba, ndo maana simu inatakiwa kukigonga kila baada ya sekunde kadhaa ili kisizibwe. Mwenye nyumba wetu alikuwa ameongeza rauta ya pili ya mtumba koridoni ili waifai ifike huku chini, hiyo ya mtumba ilikuwa haina subira, inaziba haraka, na simu yangu nayo nilikuwa nimeibana kwenye kubana betri, ikilala skrini inaacha kugonga. Kwa hiyo mtandao unaniletea simu, unafika kwenye kitundu, umekuta sementi. Tuliigeuza ile rauta ya pili ikawa ya kupitisha tu isijifanye bosi, mimi nikatoa kubana betri na kile kisetingi cha kuhama kwenda data waifai ikilegea, nikazima na ile setingi ya DNS ya kuzuia matangazo niliyokuwa nimeiweka na VPN yangu ya kuangalizia mpira. Kipi hasa kilichoponya siwezi kukuapia, nilizima vyote siku moja kwa hasira, ila naishuku zaidi rauta, maana vingine nilivirudisha kimojakimoja na simu bado inaita.

Mtandaoni watakwambia uzime SIP ALG kwenye rauta, yani kile kipengele kinachochungulia simu za intaneti na kuzichezea. Ukitaka zima, haina dhambi, lakini kwa simu hizi maneno yote yako ndani ya bomba lililofungwa, rauta haioni kitu humo ndani cha kuchezea. Cha kutazama ni kwamba isizuie IPsec, yani ndo ufungaji wa lile bomba lenyewe, na milango miwili ya kupitishia data inayoitwa UDP, ya 500 na ya 4500, iwe wazi kwenda nje. Hiyo ndo sababu kwenye waifai za wageni za mahospitali na mahoteli unaweza kuona WhatsApp inaruka vizuri na simu ya kawaida imekufa, wenyewe wamefunga hiyo milango, na huko huna la kufanya zaidi ya kuwaomba watu wa kompyuta. Na spidi usihangaike nayo, sauti haili hata kilobiti 100 kwa sekunde, inachotaka ni waifai isiyokatikakatika. Kama rauta yenu iko sebuleni na wewe uko nyuma ya kuta mbili za granaiti, jiunge na ile waifai ya 2.4 GHz badala ya ile ya 5 GHz, inapenya zaidi.

Halafu hela. Hii sio WhatsApp! Ukipiga namba ya +255 kupitia waifai wanakuhesabia kama umepiga Tanzania kutoka Uingereza, bei ileile ya simu ya nje. Nilimpigia mama siku ya Idi nikijua ni waifai tu, tukasalimiana ukoo mzima mpaka mbuzi, bili ikaja pauni 31. Mama aliposikia akaniuliza, "kwani huyo wifi yako analipisha?" Simu za humuhumu Uingereza zinakatwa kwenye dakika zako za kawaida. Na ukienda likizo Tanga na laini ya hapa, kuna mitandao inaruhusu kutumia waifai ukiwa nje na kuna inayozuia, uliza kabla hujapanda ndege maana benki hawajali uko wapi, wanatuma zile namba zao tu.

La mwisho, umeme. Rauta ikizimika na simu imezimika. Huko kwenu 2021 mwezi wa 11 ilipita dhoruba ya Arwen, kuna vijiji huko Aberdeenshire vilikaa siku kadhaa gizani. Kwa hiyo jua ni kona gani ya nyumba inayoshika network ya mnara, hata kama ni kwenye ngazi za nje, na ukilazimika kupiga 999 ya dharura kwa waifai taja anwani na postikodi mwenyewe, usitegemee wakuone ulipo.

Sasa fanya hivi. Kesho washa, hakikisha ni laini ya 07, zima simu uiwashe upya. Jumanne mimi niko ofu, saa tisa mchana nakupigia kawaida, sio WhatsApp. Kuanzia saa nane na nusu iweke mezani chumbani, skrini imezima, mlango umefunga, usiiguse hata kama roho inakuwasha. Ikiita pokea uniambie Sauda kajifungua nini maana kwenye voisi umenikatia utamu. Ikienda voismeili nitakuachia matusi, halafu nipigie picha rauta yenu mbele na nyuma unitumie.

Na ule mchele wa basmati uliosema ni rahisi huko, ninunulie kilo 10.

Wako,
Zuhura