Risala ya Waswahili wa Milton Keynes kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, itifaki imezingatiwa. Karibu sana, na ahsante kwa kufika kwa wakati. Waliokutangulia hawakutuzoesha hivyo.

Kwa kifupi, mji wetu ulitangazwa Januari 1967 ili kuipunguzia London msongamano, ukameza Bletchley, Wolverton, Stony Stratford na vijiji kadhaa, kikiwemo kilichoupa jina. Mwaka 2022 tukapewa hadhi ya jiji. Vipilefti hatuvielezi, umevizunguka vya kutosha ukija hapa.

Mheshimiwa, mafanikio yetu ni makubwa. Tunamiliki sufuria tatu za pilau na spika moja (inakoroma kidogo). Tumewapeleka watoto Bletchley Park, ambako wataalamu wa Uingereza walifumbua siri za Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuficha ujumbe, wakati wa Vita Kuu ya Pili, na Ziwa Willen kuona pagoda ya amani ya 1980. Hiyo ndiyo idara yetu ya utalii.

Sasa tuje kwenye lililotuleta: chumba. Darasa la Kiswahili la Jumamosi lilianzia sebuleni kwa mwanakamati mmoja, mpaka shemeji akachoka. Tukakodi ukumbi, bei ikapanda. Leo tunasomea kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha wachezaji, ubao umeegemezwa bombani, watoto wanajifunza ngeli wakiwa na makoti mwilini.

Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi chumba papa hapa, akapigiwa vigelegele, akala pilau sahani mbili. Wa mwaka jana akasema suala lipo mezani. Kwa heshima zote, hatukuuliza ni meza ipi.

Mheshimiwa, wale ng'ombe wa zege waliotengenezwa mwaka 1978, fahari ya mji huu, wamehifadhiwa makumbusho, wana makao yao. Sisi wenye watoto bado tunahamahama. Na waliouchora mji huu walipima hata jua: Midsummer Boulevard imeelekezwa linakochomoza katikati ya kiangazi. Mji wenye hesabu kali namna hiyo haushindwi na chumba kimoja, asubuhi moja kwa wiki.

Hatuombi jengo. Tunaomba chumba chenye joto, kabati la vitabu na ufunguo wetu wenyewe. Zaidi ya ahadi, tunaomba tarehe, na katibu ameshika kalamu.

Pilau itapakuliwa mara baada ya hotuba yako.

Naomba kuwasilisha.