Mbona hizo kebstoni mmezifunika turubai afu zinafuka mvuke?

Kila mteja akiingia hapa kwetu Dar swali la kwanza ndo hilo, anaona turubai limefunikwa, mvuke unatokea pembeni, anauliza mnapika nini humo. Tunapika kebstoni, yale mawe ya zege ya ukingo wa barabara, na pevingi za kutandika chini, na kokoto yake imetokana na kifusi. Mji huu nyumba zinavunjwa kila leo, mwaka 2017 Kimara walipobomoa kupisha upanuzi wa Morogoro Road vifusi vilitapakaa njia nzima, na huku kokoto mpya tunaifuata machimbo ya Lugoba zaidi ya kilomita 100. Roho ilituuma kuona zege zima linaenda kujazia mabonde, tukanunua kisagio.

Sasa kokoto ya kifusi ina tabia yake. Ishike moja uiangalie, jiwe liko ndani ila kwa nje limegandwa na simenti na mchanga wa zamani, kama ukoko wa kijivu, ukiitumbukiza kwenye ndoo inatoa viputo muda mrefu, hapo inakunywa maji. Tulipima wenyewe, kilo 10 kavu tukaloweka siku nzima, tukaifuta na kitambaa, mzani ukasoma kilo 10 na gramu 600, wakati ya Lugoba haikuongeza hata gramu 100! Kwahiyo ukiitia kavu inanyonya yale maji ya simenti, zege linakuwa gumu kufanyia kazi, fundi anaongeza maji kwa macho na nguvu inapotelea hapo hapo. Sisi tunailoweka usiku kucha, asubuhi tunaichuja, uso ukikauka ndo inaingia kwenye mikisa.

Afu ndo mvuke. Jamani simenti haikomai kwa kukauka, hapa watu wengi sana wanachanganya, inakomaa kwa kuungana na maji na joto linaharakisha huo muungano. Kebstoni ya kumwagilia tu unaisubiri wiki au zaidi, ya mvuke kesho yake unaibeba bila kona kumeguka, na kwenye mvuke maji hayaikimbii kama ingekaa juani.

Ila mvuke hautaki pupa. Mwanzoni kuna mteja alikuwa na haraka, tukafungulia mvuke nusu saa tu baada ya kumwaga, asubuhi tunafunua turubai kebstoni 40 zote zina nyufa nyembamba kama nywele na kona unazimomonyoa kwa kidole. Maji na hewa vilitanuka ndani simenti ikiwa bado haijashika. Zote tukazirudisha kwenye kisagio, mteja tukamtengenezea zingine kwa hela yetu. Toka siku ile zege linatulia masaa 3 mpaka 4 kwanza, joto linapanda taratibu, nyuzi 20 kwa saa haivuki, linaishia 65 na kukaa hapo masaa kadhaa, na kushuka nako ni pole pole. Zaidi ya 70 hatuendi hata mtu atuongezee bei, maana zege lililopikwa kupita hapo linaweza kuja kuvimba ndani kwa ndani likikutana na unyevu, unaona nyufa miaka imeshapita.

Na tuseme ukweli wote, mvuke unakupa nguvu ya mapema, lakini ikifika siku 28 zege lililomwagiliwa vizuri linaweza kuupita. Watafiti wa Hong Kong Polytechnic University walilipima hili wakakuta hivo hivo, ila kadiri kokoto ya kifusi inavyozidi lile pengo linapungua, na zege la mvuke likawa halisinyai sana. Kwa pevingi, kebstoni na mifuniko ya mitaro tunauza kwa moyo mweupe. Nguzo, bimu na slabu ya ghorofa hapana, huko chukua kokoto mpya na umsikilize injinia wako.

Ukija kupakia ukakuta mzigo bado wa moto, tafadhali usiumwagie maji ya baridi, utapasuka, acha upoe. Ukifika saiti umwagilie asubuhi na jioni siku kadhaa. Na oda ya leo kwa kesho hatupokei, tupe siku 3, moja ya kuloweka kokoto, moja ya kumwaga na mvuke, moja ya kupoza na kukagua kona zote kabla hatujakupakilia.