Kabla ya kuongeza oili, pima kwanza

Magari mengi tunayoletewa hapa gereji Tabora yakivutwa kwa kamba kutoka njia ya Sikonge au Urambo yalikuwa yakipungukiwa oili kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, na hakuna aliyefungua boneti. Inauma kumwambia mtu injini imenoki wakati nusu lita ingeiokoa.

Wengi hungoja taa nyekundu iwake. Taa ile haipimi wingi wa oili. Inakuambia presha imeshuka, na hapo vyuma vinaweza kuwa vimeshaanza kusagana. Ikiwaka, egesha na uzime injini hapo hapo. Usijikongoje nayo hadi Ipole.

Pima asubuhi kabla hujawasha, gari likiwa mahali tambarare. Kama limetoka kutembea, zima usubiri dakika 10 ili oili ishuke chini. Chomoa stiki ya kupimia oili, ifute kwa kitambaa safi, irudishe mpaka mwisho, kisha uichomoe tena. Hapo ndipo usome, maana mara ya kwanza huwa imerukiwa na oili na hudanganya. Gari za otomatiki nyingi, hasa za zamani, zina stiki mbili. Hakikisha hujashika ile ya gia.

Oili inatakiwa kuwa kati ya alama mbili za stiki. Kwa magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita 1. Kwa hiyo mimina robo lita, subiri kidogo, pima tena. Tumia oili ya namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kama 5W-30.

Tunasisitiza hili la kidogo kidogo kwa sababu kuzidisha nako kunaua. Mteja mmoja alikuja na Noah inafuka moshi wa bluu. Aliongeza lita nzima njiani bila kupima. Oili ikizidi, krenki, yaani chuma kinachozunguka chini ya injini, huichapa ikawa povu, na povu halilainishi chuma. Sili nazo, zile zinazozuia oili isitoke, huanza kuvuja. Tulipunguza ile oili, na kwa bahati injini ilikuwa bado nzima.

Kiangazi hiki, futa vumbi kuzunguka mfuniko wa oili kabla ya kuufungua. Vumbi la Tabora likiingia ndani ni msasa. Tumia faneli pia: oili ikimwagikia eksozi ya moto inaweza kuwaka.

Oili ya dizeli kuwa nyeusi mapema si ugonjwa. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, mara nyingi kwa gasketi ya silinda hedi (inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku) iliyoungua. Usiwashe tena, tupigie tukufuate.

Kupima hapa gereji ni bure. Utakaa kwenye kivuli cha mwembe dakika 10 injini ipoe, na tutakuonyesha stiki uisome mwenyewe. Oili chafu usiimwage mtaroni, tuletee na kidumu chake.