Dar imevuka mpaka wake

Kiluvya, Dar es Salaam

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, watoto wako shule na wanakusalimu. Barua yako imefika, na habari ya kile kiwanja unachotaka kununua imenifanya nikae chini nikuandikie kwa kirefu.

Umeniambia Dar siku hizi imepoa, maana umesoma matokeo ya sensa ukaona kasi ya ongezeko la watu imeshuka. Takwimu ulizoziona ni za kweli kabisa. Sensa ya 2012 ilikuta watu 4,364,541 Mkoa wa Dar es Salaam, ya 2022 ikakuta 5,383,728. Huo ni wastani wa asilimia 2.1 kwa mwaka, wakati miaka kumi ya kabla yake tulikuwa kwenye asilimia 5.6. Aliyeishia hapo atasema jiji limechoka. Lakini hebu tazama na Mkoa wa Pwani: mwaka 2012 ulikuwa na watu kama milioni 1.1, mwaka 2022 ukavuka milioni 2. Karibu mara mbili, kwa miaka kumi tu! Viwanda vya Kibaha na Mkuranga vimevuta watu, sikatai. Ila kuna kundi kubwa ambalo maisha yake yote yako Dar, isipokuwa kulala. Walitafuta kiwanja Kimara, Tegeta na Mbagala, bei ikawashinda, wakasogea mbele kidogo, kisha kidogo tena, mpaka wakajikuta mkoa mwingine.

Huku kwetu jambo hilo unaliona kwa macho. Kuna Kiluvya iliyo Wilaya ya Ubungo, na kuna Kiluvya iliyo Wilaya ya Kisarawe, mkoani Pwani. Jirani yangu mmoja yuko upande wa pili. Anauza vitenge Kariakoo, anaondoka alfajiri taa za nyumba nyingi hazijawashwa, anarudi usiku watoto wameshakula. Usiku wa sensa, kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, mimi nilihesabiwa Dar, yeye akahesabiwa Pwani. Duka letu la mahitaji ni moja, kituo cha basi ni kimoja, watoto wetu wanacheza mpira pamoja. Lakini kwenye vitabu vya serikali yeye ni mzigo wa Kisarawe, ingawa kutwa nzima anatumia barabara, soko na vyoo vya Dar. Na mwanawe akitafuta nafasi darasani, ni Kisarawe inayopaswa kumjengea darasa.

Hali ni hiyo hiyo kwenye barabara zote kubwa zinazotoka mjini. Ukipita Bunju unaingia Mapinga na huoni tofauti. Kongowe na Vikindu zinashikana. Pugu inaelekea Kisarawe. Huku kwetu barabara ya Morogoro imepanuliwa kutoka Kimara hadi Kibaha ikawa njia nane, na nyumba zimeifuata. Maji ndiyo yaliyotangulia zamani kuuvuka mpaka huo: mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, inayoinywesha Dar, yote iko Pwani, na DAWASA, mamlaka yetu ya maji, inahudumia Dar pamoja na miji ya Pwani iliyo jirani. Kwenye maji tumekubali kwamba sisi ni mji mmoja. Sioni kwa nini tushindwe kukubali hivyo kwenye usafiri, shule na ramani za viwanja.

Mipaka ya ndani nayo haitulii. Wilaya tulizozizoea tangu utoto zilikuwa tatu. Ubungo ikatolewa Kinondoni, Kigamboni ikatolewa Temeke, zikawa tano. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Mwaka 2025 yakaongezwa majimbo ya uchaguzi ya Kivule na Chamazi. Kugawa kunasogeza ofisi karibu na mwananchi, na mimi nimefaidika nako. Lakini kila mara tunagawa ndani ya mstari ule ule wa mkoa, wakati watu wanazidi kujaa nje yake. Kinachokosekana ni chombo cha kupanga kwa pamoja kuanzia Kivukoni mpaka Kibaha na Mkuranga, chenye bajeti na meno. Hili linaniuma, kwa sababu kila mwaka unaopita bila mpango, pale ambapo barabara ingepita mtu anakuwa ameshamwaga msingi.

Sasa kiwanja chako. Dalali anakuambia ni Dar, lakini kwa maelezo uliyonipa kiko upande wa Kisarawe. Hilo lisikutishe, mimi nisingekikataa kwa sababu hiyo. Jua kwanza eneo liko chini ya kijiji au limeshaingizwa kwenye mipango miji. Kama ni kijiji, ardhi yake inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na sahihi ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Halmashauri ya kijiji lazima ihusike. Kama mji umeshakifikia, nenda idara ya ardhi ya halmashauri ya wilaya uulize ramani, uone kama pametengwa barabara, shule au eneo la wazi. Usikubali kuoneshwa picha ya ramani kwenye simu. Na majirani wa pande zote nne wawepo siku ya kupima, kila mmoja aoneshe mpaka wake kwa mguu wake.

Nitumie nakala za karatasi walizokupa kabla hujatoa hata senti. Jumamosi sina kazi, nitakwenda na fundi ninayemwamini tukapaone, halafu nikupigie. Msalimie sana mama, mwambie dawa ya magoti aliyoniagiza nimeipata.

Ni mimi,
Shoga yako wa Kiluvya