Wale wa soba hausi Desemba hawalali na mkataba hawana

Mhariri habari za kazi, naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa rohoni toka mwaka jana na nikisema nisubiri nitulie niandike vizuri sitaandika kabisa. Mi ni mama nauza ndizi soko la Mbuyuni hapa Moshi, nina na tenda ndogo ya kupeleka mshare na mboga kwenye soba hausi moja, nyumba wanakokaa watu wanaoacha unga na pombe, iko huku kwetu Pasua, jina siliweki maana sijawaomba ruhusa na majirani washaanza kuwapigia kelele.

Sasa juzi kulikuwa na kikao cha mtaa, ajenda ilikuwa takataka tu na hela ya mzoaji, sijui ikawaje ikageuka ikawa soba hausi. Mzee mmoja akasimama akasema wale mateja wanalindwa na mateja wenzao, hivi mmeona wapi fisi anapewa bucha, watu wakacheka mpaka wengine wanapigana mabega na mimi nilicheka, sikatai. Aibu imenijia nikiwa njiani narudi, kwa sababu huyo fisi anayesemwa namjua.

Pale wanamwita mlezi. Zamani alikuwa mpiga debe stendi, anakula unga (heroini), aliiba mpaka sufuria ya mama yake ikiwa na maharage ndani (anasimulia mwenyewe na anacheka). Sasa hivi ana mwaka wa nne yuko soba, hagusi kitu. Siku moja nimefika saa kumi na mbili asubuhi na mkungu wangu nikamkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni kwa kijana mmoja aliyeletwa juzi yake, beseni liko katikati ya miguu. Kijana yuko kwenye arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, siku ya tatu, makamasi, jasho, meno yanagongana kwa baridi na miguu inarusha mateke yenyewe, katapika kaharisha, na mlezi kafua shuka mara tatu usiku huo kwa mikono. Anamnywesha maji yenye sukari na chumvi kijiko kimoja kimoja, huyu anatema na kumtukania mama. Nikamwambia pole baba, akaniambia mama huyu ananitukana toka saa nne usiku, akinyamaza ndo nitaogopa.

Watu wanadhani kazi yao ni kushika funguo ya geti. Yani hata mimi nilidhani hivyo. Kuna mpishi pale, dada mmoja mtu wa Kibosho, mara ya kwanza nilimpelekea ndizi mbivu zimeiva sana zilikuwa zinaharibika nikasema nitoe sadaka, akazirudisha zote. Nilinuna! Nikasema huyu anaringia nini na sadaka ya mtu, kumbe baadaye ndo ananieleza, nusu ya wanaume waliopo pale wamekuja kwa pombe sio unga, na mtu aliyekulia kihamba (shamba la ndizi la ukoo) harufu ya ndizi ilioanza kuchacha inamrudisha kwenye pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi, palepale, halafu kuna waliokuwa wanajua kutengeneza pombe kwa hamira na sukari chini ya kitanda. Kwa hiyo hamira haiingii jikoni kwake, sukari anapima, mbivu anapokea za kumalizika siku hiyohiyo. Huyo dada hajasoma chuo chochote cha haya mambo, katoa kichwani.

Na hapa kwenye pombe niseme kitu maana watu wanachanganya. Ile methadone inayotolewa na serikali, iliyoanzia Muhimbili mwaka 2011, mtu anaenda kunywa kila siku mbele ya nesi, ile ni kwa wa unga, wa gongo haimsaidii. Na huku kwetu tatizo kubwa ni nini kama sio chupa? Viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku Machi 2017 tukashangilia, watu wakahamia kwenye vichupa vidogo maisha yanaendelea. Mtu wa pombe usimuone hivi ukadhani yeye ni rahisi kuliko wa unga, akiikata ghafla baada ya miaka mingi anaweza kupata degedege akafa. Mume wangu marehemu mwaka fulani aliamua kuacha mwenyewe kwaresima, siku ya tatu akaanza kuona siafu ukutani na kuongea na watu ambao hawapo, tukasema karogwa, tukamfunga kamba tukaita wa maombi. Alipona kwa bahati tu, na akarudi kunywa. Mwaka jana nimeona kitu hichohicho pale soba hausi, baba mtu mzima anaokota wadudu kwenye blanketi anatetemeka, mlezi hakusubiri, hakupiga simu kuuliza ndugu wanasemaje, kaita bajaji kampeleka hospitali, nauli kaitoa mfukoni kwake. Nikamuuliza umejuaje, akasema nilishazika rafiki.

Ndo maana nasema yule mzee wa fisi na bucha hajui anachoongea. Mlezi aliniambia huo mpango wanaofuata wa hatua 12 umetoka kwenye chama cha walevi wanaoacha pombe kilichoanzishwa Marekani mwaka 1935 na walevi wawili, mmoja mfanyabiashara wa mambo ya hisa mwingine daktari wa upasuaji, kwa hiyo mlevi kumkalia mlevi mwenzake sio ubahili wa watu wa Moshi kukosa wataalamu, ndo dawa yenyewe ilivyotengenezwa. Simaanishi daktari hatakiwi, anatakiwa sana. Lakini saa nane usiku yuko nani?

Sasa nije kwenye Desemba, ndo hasa nimeandikia. Mhariri unajua Desemba ya Kilimanjaro ilivyo, kuanzia tarehe 20 magari ya Dar yamejaa, kila kihamba kuna mbuzi, kuna kisusio, kuna mbege na kreti za bia. Familia zinakuja soba hausi na gari zuri kabisa zinataka kumchukua kijana wao aje ale Krismasi nyumbani, ana wiki sita tu. Mlezi anaomba, mama muacheni hajawa tayari, anaambiwa we teja unifundishe kulea mwanangu? Anaondoka nae. Tarehe 27 kijana anarudishwa kalewa chakari, huyo ndo mwenye bahati. Wa unga ndo kabisa, mwili ushasahau, akipiga kile kipimo chake cha zamani hata asubuhi haioni. Kwa hiyo Desemba walezi hawapewi ruhusa, wanalala macho, getini na vyumbani, na kila simu ikiita wanadhani ni msiba. Mwaka jana huyu ninayemsema alikaa ndani toka tarehe 22 mpaka tarehe 2 Januari, mama yake yuko Uru hapo kwa boda ni dakika chache.

Na yeye je? Aliniambia mama mimi mwenyewe Desemba naiogopa, nasikia muziki wa jirani mpaka alfajiri, harufu ya nyama, kuna anayerudi ananipumulia pombe usoni na mimi ndo natakiwa nimshike. Kulikuwa na mwenzake, walikuwa wawili zamu. Januari ilipoisha yule mwenzake akaondoka kazini bila kuaga, mwezi wa pili nikamuona stendi amechakaa, hakuniamkia alijificha nyuma ya kibanda. Mtaa mzima ukasema si tulisema. Hakuna hata mmoja aliyeuliza alikesha usiku mangapi mfululizo, na mimi niliyekuwa naingia mle mara mbili kwa wiki sikuuliza pia.

Mlezi analipwa 80,000 kwa mwezi na inaitwa posho, sio mshahara, maana anaitwa mvolontia. Mkataba hana. Mwanangu wa kiume ni karani anajua haya mambo nikamuuliza, akasema sheria ya ajira ya mwaka 2004 inasema saa 45 kwa wiki, zaidi ya hapo ni ovataimu, usiku kuna nyongeza ya asilimia 5, sikukuu ni malipo mara mbili, likizo siku 28 kwa mwaka na NSSF juu yake. Nikapiga hesabu ya hizo siku za Krismasi peke yake nikaacha, nilipata kizunguzungu.

Nikaenda kwa mama mwenye kituo nikiwa na hasira zangu, nikatoka nazo nusu. Akanifungulia daftari. Familia inalipa mwezi wa kwanza, wa pili inalipa nusu, wa tatu namba haipatikani, na kijana bado yuko anakula, huwezi kumtupa nje. Mimi mwenyewe nawadai mikungu kadhaa. Hao wenye magari mazuri ya Desemba wengine wamo kwenye daftari hilo. Kwa hiyo simlaumu sana yule mama, japo nilimwambia posho ya mtu isiwe ya mwisho kulipwa kila siku, mbona mimi wa ndizi ananipunguzia deni kabla ya mlezi.

Wanaokuja kukagua nimewaona, wanahesabu vitanda, wanaangalia choo, wanauliza madirisha. Ni vizuri. Basi waongeze na swali moja, nani analala hapa usiku, amepumzika lini mara ya mwisho, na mkataba wake uko wapi. Na familia, jamani, ukishindwa kulipa sema nimeshindwa, usizime simu, na usije na gari tarehe 23 kuvunja kazi ya watu ya wiki sita kwa sababu bibi anataka picha ya ukoo mzima.

Mwaka huu tumeongea na yule dada mpishi na wamama wawili wa sokoni. Kulinda mtu wa arosto hatuwezi, ile ina wenyewe, ila kuna walezi wa zamani wawili wamekubali kushika usiku kwa zamu na sisi tutakuwa jikoni na getini, mtori napika mimi, ili mlezi aende Uru kwa mama yake tarehe 24 arudi 26. Mama yake nimempigia simu akanijibu msinidanganye tena. Yule mzee wa kikao kama anasoma hapa, shikamoo mzee wangu, getini tarehe 25 usiku bado hatujapata mtu.

Ni mimi,
Mama muuza ndizi, Pasua, Moshi