Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda na Biashara: kiatu cha nyumbani nacho kiulizwe

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu za heshima kutoka soko la Karume, Ilala. Mimi ni muuza raba. Nauza za mtumba, na zile mpya za China zinazoshushwa Kariakoo kwa makontena. Nakuandikia kuhusu wito wa kununua viatu vya nyumbani, yaani vinavyotengenezwa hapa nchini. Wito huo naukubali, lakini naona unatolewa nusu.

Wateja wangu wengi hawaulizi kiatu kimetoka wapi. Mzazi mwenye watoto watatu, shule zinafunguliwa wiki ijayo, anauliza bei, na simlaumu. Ila siku hizi wapo vijana, hasa wa vyuo, wanaofunua ulimi wa raba na kusoma kile kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani: saizi ya Marekani, ya Uingereza, ya Ulaya, namba ya mtindo, halafu nchi. Vietnam. Indonesia. China. Wengine wanakirudisha kiatu mezani. Wanasema hilo ni jasho la wanyonge, bora wavae cha hapa.

Wana sababu. Mwaka 1997 ilivuja ripoti ya ukaguzi wa kiwanda kimoja karibu na jiji la Ho Chi Minh, Vietnam, kilichokuwa kikitengeneza raba za Nike. Wakaguzi walikuta mvuke wa tolueni, kemikali ya kwenye gundi, umepita mbali kiwango cha sheria ya Vietnam yenyewe, na wafanyakazi wengi wakisumbuliwa na kifua. Mei 1998 mkuu wa kampuni hiyo, Phil Knight, alisimama mbele ya waandishi wa habari mjini Washington akakiri kwamba bidhaa yake imeshakuwa jina lingine la ujira wa kitumwa. Akaahidi kwamba viwanda vya viatu havitaajiri mtu wa chini ya miaka 18, na kwamba hewa ya ndani itafuata kiwango cha Marekani. Mwaka 2005 kampuni ikatoa hadharani majina ya viwanda vyake. Hayo yalipatikana kwa sababu wanafunzi, vyama vya wafanyakazi na wanunuzi walikaa miaka wakiuliza bila kuchoka. Hata hivyo Aprili 2014, mjini Dongguan, China, makumi ya maelfu ya wafanyakazi wa Yue Yuen, kampuni inayotengenezea Nike na Adidas, waligoma baada ya kugundua kwamba mwajiri alikuwa akiwalipia michango pungufu ya hifadhi ya jamii.

Sasa nikimpa kijana huyo kiatu cha hapa akigeuze, anakuta jina la kampuni na saizi vimechapwa kwenye soli. Basi. Hakuna kinachomwambia kwamba aliyekishona amelala na njaa au ameshiba.

Jirani yangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha ndala hapa Dar es Salaam, sitakitaja. Kila mwisho wa mwezi karatasi ya mshahara ilionyesha makato ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Alipougua akaacha kazi, akaenda kuangalia taarifa yake: michango ya miezi mingi haikuwemo. Yale yale ya Dongguan, Mheshimiwa, tofauti ni kwamba hapa hakuna gazeti lililoandika. Wenzake wengi kiwandani walikuwa vibarua wa siku, mwaka wa nne, wa tano, hawana mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Wao walilipwa kwa jozi.

Na ingia kwenye vyumba vya mafundi wanaobandika soli. Kopo la gundi liko wazi, brashi imesimama ndani yake, dirisha moja limezibwa na mabunda ya ngozi ya plastiki, na kijana anabandika tangu asubuhi bila barakoa. Tangu miaka ya 1960 madaktari wa Japani na Italia waliona mafundi viatu wakipata ganzi ya mikono na miguu, wengine wakishindwa kutembea, kwa kuvuta heksani iliyomo kwenye gundi za aina hiyo. Harufu yake nikiivuta kwa robo saa kichwa kinaniuma. Yeye anashinda humo.

Mei 2015 kiwanda cha ndala cha Kentex, huko Valenzuela, Ufilipino, kiliungua. Cheche za kuchomelea geti zilidondokea kemikali. Zaidi ya watu 70 walikufa, wengi wao ghorofani, kwenye madirisha yenye nondo. Kilikuwa kiwanda cha nyumbani, kikitengeneza ndala za watu wa kawaida wa nchi hiyo hiyo.

Mimi ninayo sababu moja kubwa ya kupenda kiatu cha hapa. Mtu akionewa kiwandani Vingunguti au Chang'ombe, afisa kazi anaweza kupanda daladala akafika kabla ya saa sita mchana. TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwandani, wanaweza kufungua tawi. Mfanyakazi anaweza kupeleka shauri CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Ya Dongguan hatuna mkono wa kuyafikia. Lakini afisa huyo asipokwenda, sioni nimwambie nini mteja anayetaka kununua kwa dhamiri safi.

Kuna jambo nyeti kidogo. Kiwanda cha viatu cha Karanga, Moshi, ni ubia wa Jeshi la Magereza na PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na kilianzia kwenye karakana ya gereza. Nakionea fahari. Mkataba Na. 29 wa Shirika la Kazi Duniani unaruhusu kazi ya mfungwa aliyehukumiwa na mahakama, ikisimamiwa na mamlaka ya umma, na unakataza mfungwa kukodishwa kwa kampuni binafsi. Marekani nayo, tangu 1930, sheria yake ya forodha inazuia bidhaa zilizotengenezwa na wafungwa. Siku tukitaka kuuza nje tutaulizwa, kwa hiyo tuulizane wenyewe kwanza: kazi ipi pale inafanywa na mwajiriwa huru, ipi na mfungwa kama yupo, na anayemaliza kifungo anaondoka na nini mkononi? Siulizi kwa kutuhumu. Jibu likiwa zuri, nitalitangaza mimi mwenyewe sokoni.

Sikuombi upige marufuku raba za nje. Ukifunga mlango huo, binti wa Vietnam hapati nafuu yoyote, na mtoto wa Mbagala anaenda shule peku. Naomba mambo mawili, ukishirikiana na waziri mwenzako wa kazi. Waagizaji wakubwa waandike jina la kiwanda kwenye nyaraka zao kama wanavyoandika nchi. Shirika la viwango, TBS, wanapima ubora wa mzigo, hakuna anayeuliza mikono iliyoutengeneza. La pili ndilo kubwa: Serikali ni mnunuzi mkubwa wa buti na viatu vya sare, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inapendelea bidhaa za ndani. Upendeleo huo uwe na sharti. Anayeomba zabuni kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya Serikali, aonyeshe michango ya NSSF na ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kwa kila aliyemo kiwandani, vibarua wakiwemo, pamoja na ripoti ya mwaka huo ya OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, na majina ya waliofaulu yawekwe hadharani.

Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai, na zabuni za viatu zitatangazwa tena. Naomba masharti haya yawemo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Muuza raba, Karume, Dar es Salaam