Wachoraji wetu, njooni Makunduchi

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaikum. Naomba nafasi gazetini niseme na wachoraji wa mjini.

Juzi nilizunguka vichochoro vya Hurumzi na Gizenga, huko Mji Mkongwe, nikitafuta picha ya kumtunza mjukuu wangu anayeolewa. Nilitaka ya Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya wa Nairuzi hapa Makunduchi. Nikaona tembo, simba, na Wamasai wembamba kama mianzi jua likitua. Kijana mmoja akaniambia kwa adabu, "Bibi, hiyo haina mnunuzi."

Simlaumu, riziki ni riziki. Hata Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi ya baiskeli, alikuwa akitafuta chakula. Lakini mila yetu nayo inataka mkono wa kuichora.

Mwaka huu wa Nairuzi una siku 365, na wazee waliuhesabu kwa miongo, siku kumi kumi. Mvuvi na mkulima walijua mvua na pepo kwa mwongo. Mwaka ukigeuka, wanaume wa kusini na wa kaskazini ya mji hushuka uwanjani na kupigana kwa migomba, mpaka hasira za mwaka mzima zimewatoka. Nilipokuwa mdogo niliwaona ndugu wawili waliokuwa hawasemezani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Walichapana mpaka migomba ikachanika nyuzi, na mchana wakala sinia moja. Hakuna kikao cha wazee kilichokuwa kimeweza kuwapatanisha.

Kisha kibanda cha makuti. Mtu huingia ndani, kinatiwa moto, naye hutoka mbio moshi ukimfuata. Wanawake, tumevaa kanga mpya, tunazunguka tukiimba, na katika nyimbo hizo tunawaambia wanaume yale ambayo siku nyingine tungeyameza. Rangi zipo hapo, na mwendo, na hofu, na kicheko. Mchoraji anataka nini zaidi?

Wageni huja na kamera zao, na karibu sana. Lakini kamera hainasi kilichomo kifuani mwa mama anayemwona mwanawe akitoka kwenye ule moto. Hilo linamtaka mtu aliyekulia kwenye moshi huo, mwenye mkono wenye subira.

Ombi langu kwa walimu wa skuli, kwani nami nilikuwa mwalimu: Nairuzi ijayo waleteni watoto na penseli. Wakae chini ya mti, wachore wanachokiona, na wawaulize wazee maana yake kabla hatujafukiwa nayo.

Na nyinyi wachoraji, siku ile kwetu ni aibu nyumba kukosa mgeni. Yangu iko karibu na uwanja. Mkeka upo, na wali wa nazi nitapika mwenyewe.

Mwalimu mstaafu,
Makunduchi, Kusini Unguja